Mguu wa Mama Kulwa na Dume la Mzee Lugwisha

Naandika haya nimelala chali, tena kwa penseli, kwa sababu nimegundua uzeeni kwamba kalamu ya wino ukiielekeza juu inaandika mstari mmoja na nusu halafu inagoma. Karatasi nimeibana kwenye ubao wa kukatia mboga. Mwandiko ukiwapa taabu, vijana wangu wa chumba cha fizio, mnivumilie. Mkono umechoka na ubao unanuka vitunguu.

Siku ya kuniaga mliniomba niandike habari za miaka yangu ya kazi mpate kujifunza. Niliahidi, kama mtu anavyoahidi akiwa ameshika kipande cha keki, kisha nikaja nyumbani Viwanja Sitini nikaanika mpunga na kusahau. Ningeendelea kusahau kama wingu lisingeshuka kutoka Udzungwa mchana kweupe wakati mpunga wote uko kwenye turubai. Nilikimbia, nikainama, nikanyanyua gunia kwa namna ileile ambayo kwa maisha yangu yote ya kazi nimewakataza wagonjwa wasinyanyulie chochote. Katikati ya mgongo kitu kikalia. Nikaketi palepale juu ya mpunga, mvua ikatunyeshea sote.

Aliyenikuta ni Mama Gaudensia, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, ambaye hana cheo chochote mtaani lakini hakuna kinachofanyika bila yeye. Aliita watu, wakanibeba hadi ndani, na kufikia jioni sebule yangu ilikuwa na kikao. Mmoja alisema pale karibu na stendi kuna bwana amepanga chumba, ana kipaza sauti mlangoni, anavunjavunja viungo vya mgongo mpaka vinalia, na ukipiga kelele anasema ndiyo ugonjwa unatoka. Mwanangu Doto akapiga simu kutoka Dar es Salaam kusema huko kuna mtaalamu wa osteopathia, ile tiba ya kunyoosha viungo na misuli kwa mikono, na ameshaniwekea nafasi, nipande basi kesho. Mama Gaudensia akasema hayo yote ni kupoteza muda, mgongo unakanyagwa na mama mapacha, na yeye atamtafuta mama mapacha usiku usiingie. Kikao kizima kikageuka kunitazama, kwa sababu mama mapacha wa mtaa huu ni mimi. Mama Gaudensia alinitafakari kidogo akaniuliza kama mguu wangu hauwezi kuzunguka ukafika nyuma.

Kila mmoja mle ndani alikuwa na mikono au miguu ya kunipendekezea, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza swali. Nami nilikuwa naumia kiasi kwamba ningempa mgongo yeyote aliyefika wa kwanza, hata yule wa kipaza sauti. Hilo liliniogopesha kuliko maumivu yenyewe. Nimewaona waliompa mgongo mtu asiyefaa siku isiyofaa, na baadhi yao hawakuinuka tena. Nikawaomba waniache nilale, hakuna kunigusa mpaka Jofrey, kijana niliyemwachia chumba cha fizio, aje kesho akitoka kazini. Nikabaki natazama dari na kukumbuka. Haya ndiyo niliyoyakumbuka.

Nilipofika hospitali mara ya kwanza, cheti cha chuo kikiwa bado kinanukia gundi, nilidhani fizio ni mikono. Nilikuwa nimefundishwa kukanda, kuvuta, kuzungusha na kunyoosha, na viganja vilikuwa vinaniwasha. Mkuu wa chumba alikuwa Mzee Filbert, Mpogoro mfupi mwenye sauti ya chini, aliyevaa koti jeupe ambalo mifuko yake ilifika karibu na magoti. Nilimhurumia, nikidhani fundi alikosea kukata.

Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa mama mmoja aliyetoka kupandikiza mpunga, ameinama kana kwamba bado yumo shambani. Nikamlaza, nikapaka mafuta viganjani, nikasogea. Mzee Filbert akakohoa.

“Mikono, binti,” akasema.

Nikaitazama. Ilikuwa safi. Nikamwonyesha.

“Naiona. Ndiyo shida yenyewe. Itie mfukoni.”

Koti langu lilikuwa na kimfuko kimoja cha kalamu, kifuani. Jioni ileile alinipeleka kwa fundi wake, na nikashonewa mifuko ambayo ingetosha kubebea kuku, mmoja kila upande. Sababu alinieleza njiani. Mgonjwa ukishamgusa, alisema, anaona matibabu yameanza, anafumba macho na kuacha kusema. Na mara nyingi lile la maana anakuwa hajalisema. Kwa hiyo mikono inakaa mfukoni mpaka masikio yamalize kazi yake.

Maswali yake hayakufanana na maswali. Alikuwa kama mtu anayepiga soga na mgeni. Umeanguka siku za karibuni? Maumivu yanakuacha ulale, au yanakuamsha hata ukiwa umetulia? Nguo zinakupwaya? Jioni unapata vihoma? Unameza dawa gani, hata za kuyeyusha damu, hata vile vidonge vya pumu vinavyokondesha mifupa, hata ulivyopewa na shemeji? Miguu inatii ukiiamuru? Mwisho kabisa aligeuka akatazama dirishani, ili mgonjwa asione haya, akauliza kama haja ndogo inatoka vizuri na kama pale anapokalia kuna ganzi. Wengi wanaokuja na mgongo wana mgongo tu: matope, magunia, baiskeli yenye mzigo. Hao mikono inawafaa, na mazoezi yanawafaa zaidi. Wachache wana jambo jingine lililojificha humohumo, kifua kikuu cha mfupa, mfupa uliopasuka, mshipa wa fahamu uliobanwa, na hao mkono wenye nguvu unawamaliza. Sura za watu hao wawili, alisema Mzee Filbert, zinafanana kabisa wakiwa wamekaa kwenye benchi.

Vifaa vyetu vingewafanya mcheke. Tulikuwa na kinyundo cha mpira cha kugongea goti, pazia moja lililogawa chumba, kitanda ambacho kililia kuliko wagonjwa, na vifuko vya mchanga wa Mto Lumemo vya kufungia mguuni wakati wa mazoezi. Mama mmoja wa Sanje aliazimwa viwili akavirudisha vizito zaidi. Alikuwa ameviongezea mchanga nyumbani, akatuambia kwa upole kwamba vya hospitali ni vya watoto, yeye amezoea kubeba ndizi.

Baadaye niliolewa, nikazaa Kulwa na Doto. Nilirudi kutoka likizo ya uzazi nikidhani kilichobadilika ni usingizi wangu tu. Kumbe wananchi walikuwa wamenipandisha cheo bila wizara kujua. Huku kwetu wengi wanaamini kwamba mwanamke aliyezaa mapacha ana dawa mguuni, na mgongo mbovu akiukanyaga unanyooka. Mimi nilikuwa mama mapacha, na zaidi ya hapo nilivaa koti jeupe. Watu waliona serikali safari hii imefikiria vizuri.

Tangu hapo kila matibabu yalikuwa na mwisho wa namna moja. Mtu anafanya mazoezi yote, anashukuru, anafunga vifungo vya shati, halafu anainama karibu na sikio langu. “Sasa Mama Kulwa, na ule mguu.” Wengine walitandika kanga sakafuni kabla sijaingia. Mwalimu mmoja wa kwaya, mtu wa heshima zake, nilimkuta amelala kifudifudi nyuma ya mlango nilipokuwa naufungua, akadai anatafuta kifungo. Niliwaeleza wote kwamba mguu haujui ulichokanyaga, na kwamba mtu mzima mzima akisimama juu ya mfupa uliokwisha kuoza ndani, hakuna fundi atakayeurudisha. Walinisikiliza kwa adabu kubwa, kisha wakaniuliza mguu ni wa kulia au wa kushoto. Mzee Filbert alifurahi sana. Aliniambia cheti changu kimening'inia ukutani na hakuna hata mmoja aliyewahi kukisoma, ila kiatu changu ni namba ngapi mji mzima unajua.

Sasa niwaambie habari za Mzee Lugwisha, maana ninyi huwa mnalitumia neno lake kila siku bila kujua lilikotoka.

Mzee Lugwisha alikuwa Msukuma mfugaji, aliyehamia bondeni na ng'ombe wake na kujenga upande wa Michenga. Mtu mkubwa, mwenye kofia pana na fimbo, na sauti ya kuitia mifugo. Alikuja kwa pikipiki, kijana wake akiendesha, na mdogo wake akifuata kwa pikipiki ya pili. Mkoba wa hospitali hakuwa nao, ila mdogo wake alibeba mkeka mpya. Nilipouona ule mkeka nikajua wamefuata nini.

Alinisalimia kwa Kisukuma, “Mwangaluka, mayu,” akiniita mama, nikaitikia, akakaa, yaani alijishusha kwenye benchi taratibu kama anayeshusha kabati. Mdogo wake akaeleza kwamba kaka alisukumwa na ng'ombe zizini, mgongo ukakamaa, na wamesikia hapa kuna mama mapacha wa serikali. Nikatia mikono mfukoni, nikaanza kuuliza. Kulala? Kulala yuko salama. Homa? Hana. Dawa? Hatumii. Safari ilikuwaje, kwa barabara ile iliyochimbika? Akasema leo ilikuwa nzuri ajabu, siti ya pikipiki haikumsumbua hata kidogo, ilikuwa laini kama godoro. Hilo nililisikia, ila halikuniingia. Kisha nikageukia dirishani kama nilivyofundishwa, nikamuuliza kuhusu haja ndogo.

Nilisikia mkeka unabadilishwa kwapa. Mzee mwenye wajukuu na mji mkubwa alikuwa ameulizwa habari za kukojoa na mwanamke, mbele ya mdogo wake na mwanawe. Akakohoa, akasema haja zake hazina neno. Halafu, kama mtu aliyekumbuka jambo jingine kabisa, akaongeza kwamba huko nyumbani ana dume.

Nikamwambia hongera.

Akasema hilo dume haliko sawa. Lilikuwa dume zuri, lakini tangu juzi linasimama tu.

Mimi, na elimu yangu yote, nikamwelekeza kwa upole ofisi ya mifugo ilipo. Nyuma ya pazia, alipokuwa anamfunga mtoto plasta ya kifundo, Mzee Filbert akakohoa kikohozi ninachokijua. “Mama Kulwa,” akasema bila kutokeza kichwa, “mwulize Mzee hilo dume lina umri gani.”

Nikamtazama Mzee Lugwisha. Macho yake yalikuwa sakafuni, na jasho lilikuwa linamtoka pembeni mwa kofia. Ndipo na mimi nikakaa kwenye kiti, mikono imo mfukoni, nikaanza kumhudumia mgonjwa ambaye hakuwamo chumbani.

“Linakunywa maji?” nikamuuliza.

“Linakunywa.”

“Na maji yanatoka?”

“Yanadondoka tu. Lenyewe halijui kama yanadondoka.”

“Miguu ya nyuma?”

“Mizito. Huu mmoja linauburuta.” Alipiga paja lake mwenyewe alipokuwa anasema, na mwanawe akajifanya anaangalia kinyundo. “Na jambo la ajabu, mayu. Inzi wanatua huku nyuma, kwenye makalio, tele, na halipungi mkia. Haliwasikii.”

Siti laini kama godoro ikanirudia kichwani. Mishipa ya fahamu ya chini ilikuwa imebanwa mle mgongoni. Mtu huyo alibakiwa na saa chache, si wiki. Akichelewa kufika kwa daktari wa upasuaji, miguu na kibofu vingebaki hivyo maisha yake yote. Na walikuwa wamekuja na mkeka ili nisimame juu yake.

Nilimweleza hivyo kwa ufupi. Alinisikiliza, akashukuru, akamwashiria mdogo wake atandike. Nikasema hapana. Mdogo wake akasema kwa heshima zote kwamba kama mimi nimechoka, Michenga kuna mama mapacha mwingine, tena watoto wake wote wawili ni wanaume, watapitia kwake. Wakaanza kuinuka. Nilimwona tayari amelala kwenye ule mkeka chini ya mguu wa mtu, na nikaogopa kama sijawahi kuogopa kazini.

“Mzee,” nikasema, “wewe ni mfugaji, mimi sijui ng'ombe. Jirani akikuletea dume kama hilo, halisikii inzi, linaburuta mguu, mkojo unalidondoka, utapanda juu ya mgongo wake usimame?”

Alinitazama usoni kwa mara ya kwanza. Akaitazama fimbo yake.

“Hapana,” akasema. “Nitamwita daktari wa mifugo siku hiyohiyo.”

“Basi. Na mimi nimezaa mapacha, mguu ni wangu, na umekataa. Yule wa Michenga nikimsimulia habari za dume hili, na wake utakataa.”

Hakuna aliyebisha. Wangeweza kubishana na fizio mpaka jua lizame, lakini mguu wa mama mapacha ukikataa wenyewe, nani atabishana nao. Mzee Filbert alikuwa ameshatoka nyuma ya pazia kwenda kumtafuta daktari na gari, na mchana uleule Mzee Lugwisha aliondoka kwenda kwa wapasuaji wa hospitali kubwa, amelala juu ya mkeka wake mpya. Angalau ulipata kazi.

Alirudi baada ya muda mrefu, anatembea na fimbo ileile. Safari hii alikuja na mkewe, na alisimama mlangoni bila kukaa. Alimsalimia Mzee Filbert, akanigeukia, akasema kwa sauti ya zizini iliyosikika mpaka kwenye foleni ya wagonjwa wa macho: “Mayu, lile dume linafukuza inzi.” Mkewe alijifunika uso kwa kitenge akacheka mpaka akakaa chini. Mimi nililia, sitaki kuwadanganya. Tangu siku hiyo chumba chetu kikawa na swali lake. Mgonjwa akiona haya, mnamwuliza kama anafukuza inzi, na ninyi mlidhani ni utani wa wazee.

Mzee Filbert alistaafu akaenda kulima, akaniachia mifuko yake, yaani koti lenyewe. Ilikuwa katika miaka yangu ya peke yangu ndipo alipokuja dada mmoja wa Kitanzania aliyesomea osteopathia ng'ambo, akajitolea kwetu kwa muda. Habari zilienea kwamba ameletwa mnyoosha mifupa wa kimataifa, na watu wakajaa mpaka kwenye maua. Siku ya kwanza tu mji uliudhika. Dada aliuliza maswali mengi, mikono ameifumba nyuma ya mgongo, na nilipomtazama nilikaribia kumwita Mzee Filbert. Aliowakubali aliwashika polepole, akiwaambia kila hatua atafanya nini na kwa nini, na kwamba wakisema acha, anaacha. Bibi mwenye mifupa myepesi alimnyima kabisa mikono ya nguvu. Mzee wa dawa za kuyeyusha damu hakumkunja shingo. Wawili aliwarudisha kwa daktari bila kuwagusa, na mmoja wao alipopigwa picha alikutwa na kifua kikuu cha mfupa.

Waliotoka nje walilalamika kwamba mgongo haukulia hata mara moja. Mwingine alisema amewekewa mkono tu kama anayepimwa homa, na kwamba mtu hawezi kutoka mbali kote huko aje kukataa watu. Ajabu ni kwamba wengi wao, wale wa mgongo wa kawaida, walirudi wiki iliyofuata wakitembea vizuri zaidi, wakalalamikia hilo pia, maana hawakuelewa limetokana na nini. Nilimwuliza yule dada, tukinywa chai, mtu atamjuaje wa kumpa mgongo wake. Akasema mtazame kama anaweza kukuambia alisomea wapi, kama anakuuliza kabla ya kukushika, na zaidi ya yote kama anajua kusema siwezi. Mlio si dawa wala si ushahidi, ni hewa tu inayotembea kwenye kiungo. Nikamwuliza na mguu wangu je. Alicheka mpaka chai ikamwagika. Alisema mguu una kasoro moja, hauulizi.

Hapo ndipo kumbukumbu zangu ziliponifikisha Jofrey alipobisha hodi siku ya pili. Aliingia na koti la mifuko mirefu. Kwa fundi nilimpeleka mimi. Mama Gaudensia alikuwa jikoni ananipikia uji, masikio yake yakiwa sebuleni.

“Shikamoo, Mama.”

“Marahaba. Njoo unishike tu hapa katikati, nimechoka. Unanijua.”

Hakusogea. Mikono ilikuwa ndani mpaka kwenye viwiko. “Nakujua, Mama. Ndiyo maana naogopa.”

Ningekuwa na nguvu ningemtupia mto. Wakati uleule nilijisikia fahari. Akaanza. Sikuanguka, nilinyanyua gunia. Mlio niliusikia. Nikilala naumia kidogo, nikiinuka naumia sana. Sina homa, sijakonda, tazama mwenyewe. Nilijibu kama mwanafunzi hodari. Kisha akauliza kuhusu dawa.

Vijana wangu, nilitazama dari. Kuna vidonge vidogo vyeupe vya pumu, mnavijua, ambavyo daktari hutoa kwa siku chache kifua kikibana. Na vumbi la makapi ya mpunga hubana kifua kila msimu, na duka la dawa liko karibu kuliko daktari, na msimu huku kwetu unajua kurefuka. Wagonjwa wangapi nimewagombeza kwa jambo hilohilo mbele ya kijana huyuhuyu.

“Nina jirani,” nikasema.

Jofrey hakucheka. Alivuta kiti akakaa. “Huyo jirani anatumia nini, Mama?”

“Ana pumu. Anameza vile vidonge. Miaka mingi. Huwa anajinunulia.”

Mama Gaudensia akatokeza kichwa, mwiko mkononi. “Jirani gani? Mimi sina pumu.”

Jofrey akamwomba uji. Alipoondoka kuufuata, Jofrey akaniuliza kwa sauti ya chini, akitazama dirishani, “Na jirani, anafukuza inzi?”

“Anafukuza.”

“Namshukuru Mungu.” Na hapo, polepole, akatoa mikono mfukoni. Nikafumba macho, nikasema sasa ndiyo ananishika. Nilipoyafumbua alikuwa ameshika simu, anaita gari.

Picha ilionyesha pingili moja ya mgongo imebonyea, kama mkate uliokaliwa. Mifupa yangu ilikuwa imekonda kwa vidonge, na gunia likamalizia. Daktari aliniambia nivipunguze chini ya uangalizi wake, nisivikatishe ghafla, akanipa dawa ya pumu ya kuvuta na nyingine za mifupa. Jofrey atanifundisha mazoezi mepesi, na mikono ya nguvu haitanigusa. Nikamuuliza daktari, ili nijue tu, ingekuwaje kama mtu angenikanyaga. Aliitazama tena ile picha. Nilirudi nyumbani nikaifuta ile nafasi aliyoniwekea Doto Dar es Salaam. Mtaalamu wa kweli angenirudisha, ila basi lisingenirudisha salama.

Nilidhani yameisha. Leo asubuhi, penseli ikiwa imefika hapa, Mama Gaudensia akaingia na mgeni, mama mnene mwenye haya, aliyetoka Sanje kwa basi la kwanza. Mama mapacha. Jirani yangu alikuwa amempigia simu tangu usiku wa kikao, na kwa mambo yaliyofuata akasahau kumzuia. Mgeni alikuwa ameshavua kandambili mlangoni na mguu wa kulia ameutanguliza.

Nilimweleza habari za pingili iliyobonyea. Alielewa upesi, akaurudisha mguu nyuma kama aliyekaribia kukanyaga kifaranga, akanipa pole nyingi. Akakaribishwa chai. Lakini hakuketi. Alizunguka sebuleni, akashika kiuno, akautazama mguu wangu uliokuwa umetokeza nje ya blanketi.

“Na wewe pia ni mama mapacha,” akasema.

“Ndiyo.”

“Huo mguu unaweza kuunyanyua?”

Nikauingiza mguu ndani ya blanketi, na mikono pia nikaiingiza. “Mama,” nikamuuliza, “umeanguka siku za karibuni?”

Alitazama dirishani. Akaitazama chai.

“Mimi mzima,” akasema. “Ila nina mdogo wangu.”

“Mwambie akae,” nikasema. “Tuanze na huyo mdogo wako. Usiku analala?”